Seva iliyoamka na mafaili ya asubuhi

Simu ilikuja saa tisa usiku. Mteja hakuwa analalamika kwamba mfumo umezima, mfumo ulikuwa hewani vizuri tu, unafunguka, unaingia, unafanya kazi zako, ila akaniambia sentensi moja ambayo naikumbuka mpaka leo: "Kila kitu kipo, cha leo tu ndo hakipo."

Nikawasha laptopu nikaingia kwenye folda ya nyaraka, nikapanga kwa muda, faili la mwisho kabisa lilikuwa la saa 4:12 asubuhi. Baada ya hapo hakuna kitu. Na watu walikuwa wamepandisha nyaraka siku nzima mpaka jioni, kila mmoja kapata ujumbe kwamba nyaraka yake imepokelewa. Nikaruka kwenye seva ya pili nione kama zipo kule, nikazikuta, ila kwenye logi, yaani daftari la seva la kila inachofanya, mistari inapita, inafuta, inafuta, inafuta, na nikihesabu mafaili kwenye folda naona namba inashuka kila nikirudia. Nikaizima ile programu hapo hapo bila hata kufikiria mara mbili.

Ngoja nieleze mpangilio ulivyokuwa maana bila hivyo hutaona kosa liko wapi. Seva mbili, tuziite A na B, kila moja na diski yake. Programu inafanya kazi kwenye moja, kila faili linaloandikwa pale linapelekwa kwa mwenzake, huyu akianguka yule anashika usukani. Siku ile A ilianguka saa nne asubuhi, pawa saplai iliungua. B ikashika kazi ndani ya sekunde chache, hakuna mtumiaji aliyejua, na mimi nilipoona kwenye logi jinsi failova, yaani huko kupokezana usukani, ilivyopita nilifurahi kweli. Fundi akaja akabadilisha pawa saplai, ila A ikaachwa imezimwa mpaka kesho yake. Usiku umeme ukakatika, ukarudi, na mashine zote mbili zilikuwa zimesetiwa ziwake zenyewe umeme ukirudi. B ikachelewa maana ilikuwa inakagua diski zake kwanza. A ikawaka mapema, ikamwita mwenzake, kimya, ikaita tena, kimya, ikafanya kile nilichoiandikia kwenye kodi: mwenzangu kafa, nashika usukani. Ikaanza kuhudumia watu na mafaili ya saa nne asubuhi. B ilipomaliza kukagua diski ikaamka ikakuta tayari kuna kiongozi, na kodi yangu ilisema anayekuja nyuma anamfuata aliyetangulia, asichonacho kiongozi kifutwe. Basi ikaanza kufuta siku nzima ya kazi za watu.

Tuliokoa sehemu kubwa. Sio zote.

Nimeandika replikesheni ya mafaili, yaani programu za kuweka nakala ile ile kwenye seva zaidi ya moja, kwa miaka kadhaa sasa na naweza kusema kupeleka baiti kutoka diski moja kwenda nyingine ndo sehemu rahisi kuliko zote, inahitaji uvumilivu tu. Kazi yenyewe ni kila seva kujua nakala yake ni ya lini, na kukubali kukaa kimya kama haijui.

Nilianzia pale ambapo karibu kila mtu anaanzia, rsync, programu ya kulinganisha na kunakili mafaili, niliyoipanga kwenye cron, ratiba ya kompyuta, iendeshwe kila dakika tano. Na sitaki kuidharau rsync, ni kazi ya akili sana, Andrew Tridgell na Paul Mackerras waliitoa mwaka 1996 na wazo lake bado linanifurahisha kila nikilifikiria. Upande unaopokea unakata faili lake la zamani vipande vipande, unapiga cheksamu mbili, yaani namba fupi za kutambulisha data, kwa kila kipande, moja nyepesi na moja nzito, unazituma. Upande unaotuma unateleza kwenye faili jipya baiti moja baada ya nyingine, ile hesabu nyepesi imetengenezwa ili ukisogea baiti moja huanzi upya, unatoa iliyotoka unaongeza iliyoingia, ikifanana na ya mwenzake ndo anahakikisha na ile nzito. Kwa hiyo ukiongeza sentensi moja katikati ya faili kubwa, inayosafiri ni hiyo sentensi na vipande vilivyo karibu yake.

Shida sio rsync, shida ni kuitegemea kwa mfumo ambao hautakiwi kuzima. Dakika tano ni dakika tano, seva ikifa dakika ya nne kazi ya dakika nne haipo popote. Halafu kwa kawaida inalinganisha ukubwa na muda wa mwisho kubadilishwa, vikifanana inaruka, na kuna programu zinaandika ndani ya faili bila kubadili ukubwa na kisha zinarudisha muda wa zamani, faili kama hilo linaweza kukaa tofauti kwenye seva mbili miezi na hakuna anayejua. Na databesi ndo usiseme. Ukinakili faili la databesi wakati linaandikwa unapata mwanzo wa saa moja na mwisho wa saa nyingine, yaani faili ambalo halijawahi kuwepo kwenye seva yoyote.

Nikahamia inotify, ambayo iko kwenye kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo endeshi, tangu toleo la 2.6.13 mwaka 2005. Hapa kerneli yenyewe inakuambia faili hili limeguswa, huna haja ya kuzunguka folda zote. Nikaona nimefika. Kumbe inotify haishuki kwenye folda za ndani, kila folda unaisajili peke yake, na folda mpya ikizaliwa kuna upenyo mdogo kati ya folda kutokea na wewe kuisajili, mafaili yakiingia kwenye upenyo huo hupati habari yake. Dawa ni kusajili kwanza halafu kuisoma folda nzima, ukubali kuona baadhi ya vitu mara mbili, maana kuona mara mbili kuna nafuu kuliko kutoona. Na foleni ya matukio ina kikomo, kawaida ni 16,384, mtu akifungua faili kubwa la zip lenye maelfu ya vitu foleni inajaa na kerneli inakutupia tukio moja tu linalosema foleni imefurika, ikimaanisha kuna vitu vimepita na haitakuambia ni vipi. Hapo huna ujanja, unasoma mti mzima upya. Nilishaona kodi ya mtu mwingine ambayo tukio hilo inalipuuza kimya kimya, inaendelea kama vile hakuna kilichotokea. Inauma kuona kitu kama hicho kwenye mfumo ambao watu wanauamini.

Kubwa zaidi, inotify inakuambia faili limebadilika, haikuambii limebadilikaje, na wewe ukienda kulisoma tayari limeshabadilika tena. Mpangilio unapotea. Na mpangilio ni roho ya jambo lote hili, maana programu nyingi makini zinaandika kwa zamu, kwanza kwenye logi yake ya mabadiliko, ihakikishe imetua diskini, halafu ndo iguse data. Ukipeleka data kabla ya logi kwa mwenzako, akashika usukani katikati, ile programu itafungua mafaili yake ikute hali ambayo mwandishi wake alihakikisha haiwezekani.

Kwa hiyo nikashuka chini zaidi, kukaa katikati ya programu na diski na kukamata kila maandishi yanapopita, faili gani, kuanzia baiti ya ngapi, baiti ngapi, na kuyapeleka kwa mwenzake kwa mpangilio ule ule. Hapa ndo unakutana na swali ambalo nadhani ni la msingi kuliko yote: programu imesema "andika hii", inasubiri jibu, wewe unajibu "tayari" lini?

Watu wa DRBD, ambayo inafanya kazi hii chini kabisa kwenye ngazi ya diski na iliingia rasmi kwenye kerneli ya Linux 2.6.33 mwaka 2010, waliligawa swali hili vizuri sana kwa herufi tatu, usizichanganye na seva zangu A na B. A, unajibu tayari pale diski yako imeandika na ya mwenzako umeiweka kwenye bafa ya kutuma, yaani memori ya kusubiria kwenye mashine yako. B, pale mwenzako amepokea kwenye memori yake. C, pale diski zote mbili zimeandika. Nimeona watu wanachagua A kwa sababu ina spidi halafu wanamwambia mteja data iko sehemu mbili. Haiko sehemu mbili. Iko sehemu moja na nusu, na ile nusu iko kwenye bafa ya mashine ambayo ndo inaweza kufa. Kwenye soketi, yaani mlango wa programu kwenda kwenye mtandao, ukiita kuandika ikarudi bila kosa, maana yake ni kwamba kerneli yako imepokea mzigo, haimaanishi mwenzako ameuona, hilo lilinichukua muda kuliheshimu.

C ina gharama yake, sikatai. Mwanga kwenye nyaya za faiba unakwenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde, seva zikiwa kilomita 1,000 mbali basi kwenda na kurudi ni milisekunde 10 hata uwe na vifaa bora kiasi gani, na kila andiko linalosubiriwa linalipa hizo kumi. Programu inayoandika moja moja kwa zamu itafika maandiko mia kwa sekunde na hapo ndo mwisho. Ndo maana mimi seva zikiwa jengo moja au mji mmoja naweka C bila mjadala, zikiwa mbali namwambia mteja kwa maandishi kabisa kwamba mashine ikifa kuna sekunde kadhaa za kazi zinaweza kupotea, achague yeye.

Na hata neno "diski imeandika" lina mambo yake. Ukiandika, data inakaa kwanza kwenye keshi ya kerneli, yaani kwenye memori, na huna uhakika imetua diskini mpaka uite fsync, amri ya kuilazimisha itue. Ukibadilisha faili kwa njia salama, yaani unaandika faili la muda, fsync, halafu unabadili jina, usisahau fsync ya folda pia, maana jina jipya linakaa kwenye folda na lenyewe linaweza kupotea umeme ukikatika. Mwaka 2018 watu wa databesi ya PostgreSQL waligundua jambo lililowatikisa wengi, kwamba kwenye Linux fsync ikishindwa, ukiita tena inaweza kurudi salama, kwa sababu kerneli ilishatoa taarifa ya kosa mara moja na kuzihesabu zile kurasa kuwa safi ingawa hazikufika diskini. Wakabadilisha programu yao, fsync ikishindwa databesi inajiangusha makusudi na kurudi kupitia logi. Kwenye kodi yangu nilikuwa najaribu tena mara tatu. Nikaondoa. Sasa hivi fsync ikigoma seva inajitoa kwenye kazi na inaandika kwamba nakala yake haiaminiki.

Sasa nirudi kwenye ule usiku. Data ilikuwa inasafiri vizuri, mpangilio sawa, fsync sawa, na bado tukafuta kazi za watu. Kilichokosekana ni faili moja dogo sana.

Siku hizi kila seva ina hilo faili, ndani yake kuna namba na hali. Namba naiita kizazi. Seva mbili zikiwa pamoja na nakala zinalingana, wote wana kizazi kimoja, tuseme 40, na hali inasema "tuko wawili". Mmoja akipotea, anayebaki haruhusiwi kumjibu mtumiaji hata andiko moja kabla hajaandika kwenye faili lake kizazi 41, hali "niko peke yangu", na fsync yake ikarudi. Ndo anaendelea. Sasa piga picha A inaamka usiku. Inasoma faili lake: kizazi 40, tuko wawili. Inamwita mwenzake, kimya. A haina njia yoyote ya kujua kama B ilikufa pamoja nayo au B iliendelea siku nzima bila yenyewe, kwa upande wake hali hizo mbili zinafanana kabisa. Kwa hiyo inasubiri. B ikiamka inasoma 41, niko peke yangu, hiyo inajua kwamba yenyewe ndo ya mwisho kuandika, inaruhusiwa kuanza hata mwenzake asipoonekana. Zote zikiamka na 40, zikionana zinakubaliana yoyote aanze. Na zikikutana kila moja ina 41 yake na hali ya peke yangu, maana yake kila moja iliendelea kivyake, basi hakuna anayemfuta mwenzake, zote zinasimama na mtu anaitwa.

Mteja mmoja alinibishia sana hapa. Alisema nimenunua seva mbili ili mfumo usizime, sasa unaniambia seva nzima iko salama, imewaka, na inakataa kufanya kazi? Namwelewa. Mwenzake akiwa ameungua kabisa, ile seva itasubiri mpaka mtu abonyeze amri ya kuilazimisha, na huyo mtu pengine amelala. Ila nilimwuliza, ukikuta asubuhi mfumo umesimama na ukikuta mfumo unatembea na data ya juzi huku watu wanaongeza juu yake, kipi utaweza kukirekebisha? Alikaa kimya kidogo akasema niweke kengele ya simu. Tukaweka, na kwenye ile amri ya kulazimisha nikaweka ionyeshe kwanza tarehe na saa ya andiko la mwisho kwa herufi kubwa, anayebonyeza ajue anarudi nyuma mpaka lini.

Kuhusu seva zote mbili kujiona kiongozi kwa sababu waya wa mtandao kati yao umekatika, wahenga walishamaliza, mafahali wawili hawakai zizi moja. Weka shahidi wa tatu, hata mashine ndogo isiyo na data, ili kuwe na akidi, anayepata kura mbili kati ya tatu ndo anaendelea na mwingine anaacha kabla mwenzake hajaanza. Usiweke shahidi kwenye swichi moja na seva mojawapo, swichi ikifa inakufa na kura mbili. Na usidhani mkato mfupi ni jambo dogo, Oktoba 2018 GitHub, mtandao wa kuhifadhia kodi, walipoteza mawasiliano kati ya vituo vyao kwa sekunde 43 tu, databesi zikahamia upande wa pili huku upande wa kwanza ukiwa na maandiko ambayo hayakuwahi kuvuka, na kurudisha kila kitu sawa kukachukua saa 24 na dakika 11. Wangeweza kufupisha kwa kuyatupa yale maandiko. Hawakuyatupa, na mimi naheshimu sana uamuzi huo.

Kitu kingine nilichobadilisha ni namna ya kurudiana. B ikiwa peke yake inatunza ramani ya biti, biti moja kwa kila kilobaiti 4 za diski, ikigusa sehemu inaweka alama kwanza diskini halafu ndo inaandika. Terabaiti moja nzima ramani yake ni megabaiti 32, sio mzigo. A ikirudi inapewa zile sehemu zenye alama tu. Ila wakati inapewa, A haina data ya asubuhi wala ya usiku, ina mchanganyiko, na kiongozi akifa katikati hapo A ikishika usukani ni balaa kuliko kwanza. Kwa hiyo kabla ya baiti ya kwanza kuingia inaandika kwenye faili lake hali "sijakamilika", na hali hiyo hata amri ya kulazimisha haiipiti kirahisi. Pia inapiga snapshoti, yaani picha ya diski nzima kwa wakati huo, ya hali yake ya zamani, ikibidi irudi huko. Na kufuta hakuna tena, kinachotakiwa kufutwa wakati wa kurudiana kinahamia folda ya pembeni kinakaa siku saba.

Bakapu ni kitu kingine kabisa, mtu akifuta folda kwa bahati mbaya replikesheni itaifuta na kwa mwenzake kwa uaminifu wote. Januari 2017 kwenye GitLab, mtandao mwingine wa kuhifadhia kodi, mhandisi akiwa anahangaika na replikesheni iliyobaki nyuma alifuta folda ya databesi akidhani yuko kwenye seva ya pili kumbe yuko kwenye ya kwanza, ya gigabaiti kama 300 zikabaki 4.5, na bakapu walizozitegemea hazikuwa zinafanya kazi, wakaokolewa na snapshoti ya saa sita nyuma. Weka bakapu na uijaribu kuirudisha, sina zaidi hapo.

Kujaribu ndo kunakula muda wangu mwingi sasa. Mwanzo nilikuwa naua programu kwa kill -9, amri ya kuikata ghafla, naona kila kitu kinarudi salama, nikajipa moyo bure, maana ukiua programu kerneli iko hai na keshi yake iko hai, itaandika tu diskini baadaye. Fsync uliyoisahau haionekani kwa jaribio hilo. Inaonekana ukikata umeme. Kwa hiyo nina mashine mbili na shahidi, zimeunganishwa kwenye soketi za umeme ninazoziwasha na kuzizima kwa skripti, na skripti inaandika mafaili mfululizo yenye namba, kila namba iliyojibiwa "tayari" inarekodiwa kwenye mashine ya nne, halafu inakata umeme wa mmoja, au wote, au waya wa katikati, muda wowote bila ratiba, inarudisha kwa mpangilio wa bahati nasibu. Asubuhi nalinganisha, kila namba iliyoahidiwa lazima iwepo. Wiki ya kwanza nilipoteza namba karibu kila usiku na kila moja ilinionyesha fsync ambayo sikuiweka.

Jana usiku skripti ikapita kwenye ile njia ile ile bila kuambiwa, A ikakatwa, B ikaendelea peke yake kama saa nne, B ikakatwa, A ikarudishiwa umeme kwanza. Nikafungua logi ya A leo asubuhi nikiwa na chai, mstari wa mwisho kabla B haijarudi ulisema: kizazi 317, tulikuwa wawili, mwenzangu simwoni, nasubiri. Ilisubiri saa moja na dakika ishirini na sita.